Je, akina Rossi wote ni ukoo mmoja?

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtu wa Mombasa. Kombe la Dunia la 1982 nililitazama kwa jirani nikiwa kijana, na tangu siku ile jina la Paolo Rossi halijanitoka. Mwanangu yeye ni wa pikipiki, chumba chake kimejaa namba 46 ya Valentino Rossi. Mke wangu anaimba kwaya, na mwezi uliopita walifundishwa zaburi ya Kiebrania iliyotungwa na Rossi wa zamani sana. Basi Jumapili tukabishana mezani. Mwanangu anashikilia kwamba hawa ni ukoo mmoja, kama Mazrui walivyo. Je, ni kweli? Na mtu mwenye babu Mwitaliano wa jina hilo aanzie wapi kutafuta jamaa zake?"

Marahaba, ndugu yangu. Mwambie mwanao kwamba si ukoo mmoja, ila usimcheke, maana kosa lake linatokana na akili nzuri. Amelelewa pwani, na pwani jina la ukoo lina uzito. Ukisikia Mazrui unajua kuna mti mmoja ambao shina lake liko Oman, na ukipewa muda na wazee wawili watatu wenye kumbukumbu utapanda tawi hadi tawi mpaka ulifikie. Rossi si mti wa namna hiyo. Ni kama nyasi: zimeota kila mahali, na kila shina lina mzizi wake.

Nimefundisha Kiitaliano hapa Malindi miaka mingi, na mji huu una Waitaliano wengi tangu miaka ya 1960, walipoanza kurusha setilaiti kutoka majukwaa ya baharini pale Ngomeni. Wanafunzi wangu wanaofanya kazi hotelini huniletea swali kama lako kila wanapopokea wageni wawili wa jina moja wasiojuana. Huwa naanza na sarufi. Kwa Kiitaliano *rosso* ni -ekundu, na *rossi* ni wingi wake. Kwa hiyo bwana Rossi, tukimtafsiri neno kwa neno, ni mmoja wa "Wekundu". Zamani za kati, kijiji kilipokuwa na akina Giovanni sita, yule mwenye nywele za rangi ya shaba au mashavu yaliyoiva aliitwa Giovanni Mwekundu, na watoto wake wakawa "wale Wekundu". Sisi nasi tuna Ali Mrefu na Juma Mweupe. Tofauti ni kwamba lakabu zetu mara nyingi huzikwa na mwenyewe, ilhali zao ziliandikwa daftarini zikaganda. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, uliwaamuru mapadre wa parokia kuweka vitabu vya ubatizo na vya ndoa, na jina lililoingia humo likarithiwa na mtoto, mjukuu na kitukuu, hata kama kitukuu alikuwa na nywele nyeusi tititi.

Sasa fikiria ni vijiji vingapi Italia vilikuwa na mtu mwenye nywele nyekundu. Ndiyo maana Rossi ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote nchini humo, kiasi kwamba Mwitaliano akitaka kusema "fulani bin fulani" husema Mario Rossi. Kusini lakabu hiyohiyo ilitoka kwa lahaja nyingine ikawa Russo. Kwingine ni Rosso, Rossetti, De Rossi. Daniele De Rossi, kiungo wa Roma aliyetwaa Kombe la Dunia 2006, amebeba tawi mojawapo la lakabu hiyo. Hata Rossini, mtunzi mkubwa wa opera aliyezaliwa Pesaro tarehe 29 Februari 1792, jina lake ni "Wekundu wadogo". Pesaro ni mwendo mfupi wa gari kutoka Tavullia, kijiji alikolelewa shujaa wa mwanao. Lakini ukaribu huo wa ramani usikupe undugu ambao haupo.

Nianze na Rossi wa mke wako, kwa sababu ndiye wa mbali zaidi kwa wakati na ndiye ninayempenda zaidi. Zaburi ya Kiebrania kutoka Italia ya kale yenye jina hilo karibu bila shaka ni ya Salamone Rossi wa Mantova. Alizaliwa yapata 1570, akawa mpiga fidla na mtunzi katika kasri la watawala wa ukoo wa Gonzaga, mahali palepale na wakati uleule alipofanya kazi mtunzi mashuhuri Claudio Monteverdi. Salamone alikuwa Myahudi. Wayahudi wa Mantova walilazimika kuvaa alama ya njano ili watambulike barabarani, na mwaka 1606 mtawala alimpa Salamone ruhusa ya kutembea bila alama hiyo, kwa kuthamini kazi yake. Hebu tafakari hadhi ya namna hiyo: muziki wako unakuvua doa ambalo jamaa zako wote bado wanalivaa. Naye hakujificha. Vitabu vyake alivitia saini "Salamone Rossi Ebreo", yaani Myahudi.

Mkusanyiko wa zaburi na nyimbo za ibada ambao mke wako ameugusa ulichapishwa Venezia mnamo 1622 na 1623, vipande 33 kwa Kiebrania, kwa ajili ya sinagogi, lakini kwa mtindo wa sauti nyingi uliokuwa ukivuma makanisani na makasrini. Rabi Leon Modena wa Venezia alimuunga mkono, kwa sababu wapo waliouona muziki huo kuwa ni kuingiza ugeni katika ibada. Wachapaji nao walipata kazi. Nota husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, Kiebrania kutoka kulia kwenda kushoto. Waliamua kuziacha nota ziende zao na kila neno liandikwe kwa mwelekeo wake, limewekwa chini ya nota zake. Mwimbaji alibidi macho yake yaende pande mbili kwa wakati mmoja. Mwulize mke wako kama nakala aliyopewa ina maneno ya Kiebrania au yamebadilishwa kuwa herufi za Kilatini. Akiona ukurasa wa mwaka ule ataelewa waimbaji wale walikuwa watu wa aina gani.

Na hapa ndipo hoja ya ukoo inapobomoka kabisa. Jina la Salamone halikutokana na mzee fulani mwenye nywele nyekundu wa kijiji cha Kikristo. Familia yake kwa Kiebrania iliitwa Min ha-Adumim, "wa kutoka kwa Wekundu", na masimulizi yao yanasema walikuwa miongoni mwa familia nne ambazo Tito, jemadari wa Kirumi, alizichukua kutoka Yerusalemu baada ya kuiteketeza mwaka 70. Historia haiwezi kuthibitisha simulizi hilo, lakini jina lenyewe liko wazi: ni Kiebrania kilichovikwa Kiitaliano. Kwa hiyo kuna Rossi wa sinagogi na Rossi wa parokia, na vyanzo vyao havikukutana popote ila kwenye rangi.

Baada ya 1628 hatusikii tena kitabu kipya chake. Mwaka 1630 majeshi ya Kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi yaliiteka Mantova na kuipora, na tauni ikafuata. Wengi wanaamini alikufa katika balaa hilo.

Kuna Rossi wengine wa muziki wa karne ileile, nao si ndugu zake. Luigi Rossi alitoka Torremaggiore, huko Puglia, kusini mwa Italia, akafanya kazi Roma kwa familia za Borghese na Barberini, kisha Kardinali Mazarin akamwita Paris. Opera yake kuhusu Orfeo ilionyeshwa katika jumba la kifalme mwaka 1647, na ni kati ya opera za kwanza kabisa Wafaransa kuzisikia kwa masikio yao. Michelangelo Rossi alitoka Genova, akasifika kwa fidla na kwa vipande vya kinanda ambavyo hata leo vinamshtua msikilizaji kwa namna sauti zinavyoteleza mahali usipotarajia. Mantova, Torremaggiore, Genova. Zitafute kwenye ramani na mwanao, uone zilivyotengana.

Sasa wako wewe. Paolo Rossi alizaliwa Prato, karibu na Firenze, tarehe 23 Septemba 1956. Alikuwa mwembamba, magoti yake yalifanyiwa upasuaji akiwa bado kijana, na nguvu yake haikuwa mwilini bali katika kujua mpira utaangukia wapi kabla beki hajajua. Akiwa Vicenza alimaliza msimu wa 1977/78 akiwa mfungaji bora wa Serie A kwa mabao 24. Kisha ikaja kashfa ya kamari ya 1980, na akafungiwa miaka mitatu, baadaye ikapunguzwa ikawa miwili. Hadi anakufa alisema hakuwa na hatia. Adhabu iliisha wakati msimu wa 1982 unakaribia kumalizika, akacheza mechi tatu tu za ligi kwa Juventus, na kocha Enzo Bearzot akamchukua kwenda Hispania huku magazeti ya nyumbani yakipiga kelele.

Unakumbuka mwanzo ulivyokuwa? Sare ya 0-0 na Poland, 1-1 na Peru, 1-1 na Kameruni. Italia na Kameruni walilingana pointi na hata tofauti ya mabao. Italia walipita kwa sababu walikuwa wamefunga mawili na Kameruni moja tu. Kameruni waliondoka bila kufungwa mechi hata moja, na mimi nawasikitikia hadi leo. Rossi hadi hapo hakuwa amefunga, wala hakufunga dhidi ya Argentina waliowashinda 2-1. Alionekana mtu aliyesahau kazi yake.

Halafu tarehe 5 Julai, uwanja wa Sarrià, Barcelona. Brazil ya Zico, Sócrates na Falcão ilihitaji sare tu. Dakika ya 5, Rossi kwa kichwa. Sócrates akasawazisha. Dakika ya 25, Rossi ananasa pasi ya ovyo ya Wabrazili mbele ya lango lao. Falcão akasawazisha tena. Dakika ya 74, Rossi tena, miguuni mwa umati ndani ya boksi. Ikawa 3-2. Siku tatu baadaye akafunga mawili kwenye nusu fainali dhidi ya Poland, na tarehe 11 akafungua mabao ya fainali dhidi ya Ujerumani Magharibi, iliyoisha 3-1. Mabao sita katika siku saba. Akawa mfungaji bora wa mashindano, akatajwa mchezaji bora wa mashindano, na mwishoni mwa mwaka akatwaa Mpira wa Dhahabu wa Ulaya. Alipofariki Desemba 2020, wachezaji wenzake wa kikosi kile, wazee sasa, ndio waliobeba jeneza lake kanisani Vicenza.

Valentino Rossi hana uhusiano naye wowote. Alizaliwa Urbino tarehe 16 Februari 1979, na hapa kweli kuna ukoo wa mbio, lakini mfupi: babake, Graziano, alikuwa mwendesha pikipiki aliyeshinda mbio tatu za ubingwa wa dunia za daraja la injini za cc 250 mwaka huohuo wa 1979, akiwa na namba 46. Hiyo 46 iliyo ukutani kwa mwanao ni urithi wa baba. Valentino aliikataa namba 1 hata alipokuwa bingwa, ingawa mataji yake ya dunia ni tisa: la cc 125 mwaka 1997, la 250 mwaka 1999, la 500 mwaka 2001, na ya MotoGP 2002 hadi 2005, kisha 2008 na 2009. Ushindi wa mbio ni 115.

Kama mwanao hajaitazama mbio ya Welkom, Afrika Kusini, Aprili 2004, mtafutie. Rossi alikuwa ameiacha Honda, pikipiki iliyokuwa ikishinda kila kitu, akahamia Yamaha iliyokuwa imechoka kushindwa. Watu walisema ni wazimu. Katika mbio ya kwanza kabisa akamshinda Max Biaggi kwa sehemu ndogo ya sekunde, hata robo haikufika. Baada ya kuvuka mstari hakukimbilia kushangilia. Aliiegesha pikipiki pembeni mwa njia akaketi chini karibu nayo.

Ila kuna jambo moja katika familia yake ambalo litamaliza ubishi wenu wa mezani. Valentino ana mdogo wake wa mama mmoja, naye ni mwendesha pikipiki wa MotoGP, lakini haitwi Rossi. Anaitwa Luca Marini, kwa sababu babake ni mwingine na kwa desturi ya Italia mtoto alibeba jina la baba. Upande wa pili yuko Louis Rossi, Mfaransa, aliyeshinda mbio ya Moto3 kule Le Mans mwaka 2012 kwenye mvua, mwenye jina hilo na kazi hiyo, na si ndugu. Ndugu wa damu ana jina jingine, na mwenye jina ni mgeni.

Jina pia lilisafiri kwa meli. Tino Rossi, mwimbaji wa sauti laini aliyewapendeza Wafaransa kuanzia miaka ya 1930, alizaliwa Ajaccio, Corsica, kisiwa ambacho Genova ilikikabidhi kwa Ufaransa mwaka 1768 lakini majina yake yakabaki ya Kiitaliano. Wimbo wake wa Krismasi wa 1946 bado unaimbwa na watoto wa Kifaransa. Francis Rossi, aliyeongoza bendi ya Status Quo na kufungua tamasha la Live Aid pale Wembley tarehe 13 Julai 1985, alizaliwa London, na familia ya babake walikuwa Waitaliano wa biashara ya aiskrimu. Semino Rossi alizaliwa Rosario, Argentina, akapata umaarufu wake akiimba kwa Kijerumani Austria. Argentina hiyohiyo ilimtoa Néstor Rossi, kiungo wa River Plate na wa timu ya taifa miaka ya 1940 na 1950.

Marekani ina wawili wa kukumbukwa. Alexander Rossi wa California alishinda mbio za magari za Indianapolis 500 mwaka 2016, zilipofanyika kwa mara ya mia, akiwa mgeni kabisa wa mashindano hayo, kwa kubana mafuta hadi gari likakaribia kuzima. Giuseppe Rossi alizaliwa New Jersey, lakini akachagua kuichezea Italia. Juni 2009, kwenye Kombe la Mabara kule Pretoria, aliingia kutoka benchi akafunga mabao mawili dhidi ya nchi aliyozaliwa. Naelewa Wamarekani walivyoumia. Naelewa pia kijana aliyelelewa na wazazi Waitaliano. Magoti yake yalimwibia nusu ya maisha ya soka.

Umeona kitu kimoja kinachojirudia? Jina likishakuwa la kila mtu, watu hulitafutia jina la pili. Paolo aliitwa Pablito tangu Kombe la Dunia la 1978 nchini Argentina. Giuseppe akaitwa Pepito. Valentino ni Il Dottore, Daktari, na Chuo Kikuu cha Urbino kilimpa shahada ya heshima mwaka 2005. Vasco Rossi, mwanamuziki wa roki wa Zocca, mlimani huko mkoa wa Modena, mashabiki humwita Blasco. Huyo, tarehe 1 Julai 2017, alikusanya watu wapatao 220,000 waliolipa tiketi kwenye tamasha moja Modena. Rossi yenyewe ilianza kama lakabu ya kumtofautisha Giovanni mmoja na mwingine. Imetumika hadi ikaisha makali, na wenye nayo wanapewa lakabu upya.

Mwanamke mmoja nimtaje kabla sijasahau, maana binti zetu nao wanasoma: Jessica Rossi, mlenga shabaha kutoka Cento. Kwenye Olimpiki ya London 2012, akiwa na miaka 20, alivunja sahani 99 kati ya 100 zilizorushwa hewani, rekodi ya dunia, akatwaa dhahabu. Kwenye Olimpiki ya Tokyo alikuwa mmoja wa wawili walioibeba bendera ya Italia.

Sasa swali lako la pili, la mwenye babu aitwaye Rossi. Usianze na jina. Kumwandikia Mwitaliano "natafuta akina Rossi" ni sawa na kusimama Kariakoo ukamwita Juma. Anza na mji: babu alizaliwa kijiji gani, wilaya gani, mwaka gani, wazazi wake waliitwa nani. Tafuta jina la mama yake hasa, kwa kuwa Mwitaliano mwanamke huandikwa kwa jina la kwao maisha yake yote hata akiolewa, na jina hilo la mama mara nyingi si la kawaida kama Rossi. Hilo ndilo litakalokutoa kwenye msitu. Tazama pasipoti za zamani, cheti cha ndoa, barua, hata maandishi nyuma ya picha. Kuanzia 1866 serikali ya Italia ilisajili vizazi, ndoa na vifo nchi nzima, isipokuwa maeneo yaliyoungana nayo baadaye, na vitabu viko katika ofisi ya mji husika. Hifadhi za nyaraka za serikali zimeviweka vingi mtandaoni bure, katika tovuti iitwayo Antenati, maana yake Mababu. Kabla ya hapo itabidi vitabu vya parokia, navyo vinahitaji barua ya adabu kwa paroko, iliyoandikwa kwa Kiitaliano, yenye ombi moja tu lililo wazi.

Ukiandikia ofisi ya mji, omba nakala ya usajili wa kuzaliwa inayoonyesha majina ya wazazi wote wawili, kwa sababu ile fupi haiyaonyeshi. Na majina yaandike kama wao wanavyoandika kwenye fomu, la ukoo kwanza. Nimeona barua zikirudi bila jibu kwa sababu karani alitafuta mtu wa ukoo wa "Paolo".